Kwa Anayetaka Kumulika Heroe Ukutani Nakuru

Umepata projekta, hongera. Heroe wengi walilihama Ziwa Nakuru maji yalipopanda na kuyazimua magadi, nawe umeamua kuwarudisha kwa mwanga, hapa mjini, kwenye ukuta wa duka, watu wote wawaone pamoja bila miwani wala simu. Wazo si baya. Mwaka 2001 Ramesh Raskar na wenzake walimulika mfano mdogo wa Taj Mahal, ukavaa rangi ambazo haukupakwa. Ila mfano wao ulikuwa mweupe. Ukuta wako ni kijani cha kampuni ya simu, na waridi likitua juu ya kijani huzaa kijivu. Heroe wako watakuwa kwarara.

Ncha nyeusi za mabawa usizihangaikie. Projekta haina mwanga mweusi: penye weusi haitoi kitu, na ukuta hujionyesha wenyewe.

Mchana usijaribu. Projekta ya kuazima kanisani, ya lumeni 3,000, ikitandaza picha ya mita 3 za mraba, huangaza kwa laksi 1,000. Jua la adhuhuri hutoa laksi 100,000, na halitegemei stima. Ngoja saa moja jioni. Ikweta iko jirani, giza halikawii.

Hapo atatokea mwerevu akushauri uimulike Menengai. Mpigie hesabu. Kipande cha ukuta wa kasoko, mita 300 kwa 400, ni mita za mraba 120,000. Gawanya lumeni zako: laksi 0.025. Mwezi mpevu hutoa takriban mara kumi ya hizo, na mwamba wenyewe ni wa rangi ya giza. Mahali pale pana sifa ya mashetani tangu zamani. Kwa mwanga huo hata wao watakuonea huruma.

Sasa kiti. Picha iliyolala bapa ukutani kila mtu huiona sawa, kama enzi za gari la sinema: shuka jeupe, watoto mbele, wazee nyuma, basi. Taabu huanza utakapo ziwa lionekane limezama nyuma ya ukuta. Kina hicho hukokotolewa kwa ajili ya jicho moja, lililotulia mahali pamoja. Mahali hapo patawekwa kiti, na kitini ataketi mheshimiwa, baada ya kuchelewa saa mbili. Atasema ndege wanapendeza. Sisi tuliobanana kando, karibu na muuza mahindi, tutaona heroe waliopinda shingo, na makofi tutapiga vilevile.

Ukitaka weupe wa kweli, nenda Kariandusi, karibu na Ziwa Elmenteita. Kuna kuta za diatomaiti, mabaki ya mwani mdogo mno wa ziwa la kale, nyeupe kama unga wa ngano. Kuzishinda hizo sijaona. Tatizo ni moja tu: makumbusho ya hapo hufungwa kabla jua halijatua.