Manjano Hayatunzi Siri

Dawa nyingi za nyumbani zina adabu. Ukijipaka ute wa shubiri, unakauka na hakuna anayejua. Ukioga maji ya mwarobaini utanuka mpaka jioni, lakini harufu haipigwi picha. Manjano ni dawa ya aina nyingine kabisa. Kabla hayajakutibu yatautangazia mtaa mzima kwamba unaumwa, unaumwa wapi, na kwamba aliyekupaka hakuwa na mkono mwepesi.

Mimi maradhi yangu ni vipele vya ndevu. Kila nikitoka kwa kinyozi, kidevu na shingo huota vipele kama ngozi ya fenesi. Nilikuwa nimeyazoea haya maisha mpaka nilipokwenda Muheza kumsalimia shangazi. Muheza ni nchi ya viungo. Iliki, mdalasini na pilipili manga hushuka huko kutoka milima ya Usambara, na shangazi hana kiungo anachokiamini kwa mboga tu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hebu geuza shingo."

Hapo salamu zikawa zimekwisha. Aliyachimba manjano nyuma ya jiko, akayaosha, akayatwanga mabichi, akayachanganya na mafuta ya nazi, kisha akanipaka kuanzia masikioni hadi kwenye kola. Nilijaribu kuuliza kama dawa hii ina ushahidi. Akanijibu kwamba baba yangu alipoungua uji utotoni alipakwa hiihii, "na baba yako si yupo?" Baba yupo. Sikuwa na la kuongeza.

Ningeweza kumtajia Marekani, lakini isingenisaidia. Mwaka 1995 ofisi ya hataza ya huko ilikipa Chuo Kikuu cha Mississippi, upande wake wa tiba, haki ya kumiliki matumizi ya manjano kuponyesha vidonda, kana kwamba jambo hilo lilikuwa limegunduliwa juzi. Wahindi wakacharuka. Baraza lao la utafiti, CSIR, likapeleka maandiko ya kale ya Kisanskriti pamoja na makala ya jarida la madaktari ya 1953, na mwaka 1997 hataza ikafutwa. Inasikitisha. Ingesimama, na ingefika Muheza, ningemwambia shangazi kwa upole kwamba hana kibali.

Watu wa maabara nao huyaheshimu manjano. Rangi yake, kurkumini, imeonekana kwenye vipimo vyao kutuliza uvimbe. Tatizo ni kwamba rangi hiyohiyo haipatani na maji. Inayeyuka kwenye mafuta, na shangazi alikuwa ameipa mafuta ya kutosha kukaangia samaki. Kwa hiyo nilipokwenda kunawa usiku, maji yaliteleza yakaenda zake, na mimi nikabaki wa manjano vilevile, ila sasa nang'aa.

Nikachukua sabuni ya mche, ile ya kufulia. Uso ukawa mwekundu.

Kumbe manjano yakikutana na kitu chenye magadi hugeuka rangi, yakawa mekundu ya kahawia. Mwalimu wa kemia asiye na karatasi za litimasi anaweza kuyatumia darasani na somo likaenda vizuri tu. Mimi sikuwa darasani. Nilikuwa mbele ya kioo, namtazama mtu aliyenusurika kuchinjwa. Shangazi aliposikia kelele alikuja na ndimu, akanikamulia shingoni, juu ya ngozi iliyonyolewa, bila onyo lolote. Wekundu ukatoweka palepale na umanjano ukarudi. Tukawa tumerejea tulikoanzia, isipokuwa sasa nilikuwa nalia.

"Inafanya kazi hiyo," shangazi akasema.

Jumatatu nikarudi kazini Tanga mjini. Dereva wa bodaboda aliniangalia kwenye kioo chake, akatabasamu, akasema, "Hongera, kaka." Sikumwelewa mpaka nilipoingia ofisini na akina mama wa masjala wakapiga vigelegele.

Kumbe nilikuwa nimesahau, au shangazi ndiye aliyesahau, kwamba pwani mtu mzima hang'ai manjano bila sababu. Bibi harusi husingwa mwili mzima kabla ya ndoa, na ndani ya singo huwamo manjano, liwa na mawaridi. Nikasema mimi mwanamume. Wakanijibu kwamba siku hizi hata mabwana harusi wanasingwa, wala nisione haya. Nikasema ni vipele. Wakacheka sana, wakasema hawajawahi kusikia bwana harusi akijificha kwa ustadi kama huo.

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba jua huipausha rangi ya manjano, na hilo ni kweli, kwa hiyo saa ya chakula nilikaa uani nimelielekezea jua shingo, macho nimeyafumba. Kwa walionichungulia dirishani, ile ilikuwa picha ya mtu anayewaza mahari. Nilipofungua simu nikakuta nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati ya harusi yangu. Lilikwishapata mwenyekiti, katibu na mhazini, na bosi alikuwa ametuma mchango wa kufungulia. Mtu huyo hajawahi kuninunulia hata chai.

Niliandika maelezo marefu, yenye kurkumini na ndimu ndani yake. Mhazini akajibu kwamba fedha za kamati hazirudishwi, ukumbi umekwisha kulipiwa amana, na kama tatizo ni bibi harusi tu, nalo lina kamati ndogo.

Jioni nikampigia shangazi simu kumshitakia. Alisikiliza hadi mwisho, bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza huo ukumbi unaingiza watu wangapi.