Utangulizi wa Elimu ya Bakuli

Waheshimiwa makapera wa ua huu, mgeni rasmi ambaye hakutokea, mama mwenye nyumba ambaye hakualikwa lakini ametokea, na wewe mdogo wangu uliyekalia beseni la kuoshea vyombo: itifaki imezingatiwa.

Nasimama mbele yenu jioni hii ya Jumatano, jiko la mkaa mkono wa kulia, mtungi wa gesi wa kilo 6 mkono wa kushoto, nikiwa kama Mtaalamu. Wapo wanaonong'ona wakiuliza utaalamu huo niliupatia chuo gani. Ni swali zuri, na ningelijibu kama lingeulizwa kwa adabu. Itoshe kusema nimekula wali kwa miaka 43, mingi kati ya hiyo kwa watu, na jina la Mtaalamu nilijipa mwenyewe baada ya kuona wahusika wanachelewa.

Mada yetu ni bakuli moja la wali wa nazi, lenye kamba na ngisi juu yake, lililopikwa siku ya kazi na mtu aliyeshuka daladala akiwa hoi, na likaliwa kabla ya taarifa ya habari ya saa 2. Mada hii nimeichagua kwa uchungu. Kila jioni nakaa pale barazani nawaona mkipita na chipsi mayai kwenye mifuko, mafuta yamepenya mpaka vidoleni. Mnaishi Dar es Salaam! Bahari ya Hindi iko hapo, foleni ikiwa na huruma, na ninyi mnakula viazi vilivyopanda lori kutoka Njombe.

Naanza na bakuli, maana bila chombo hakuna nadharia. Mtu wa pwani, tuseme kweli, hali wali kwenye bakuli. Anakula kwenye sinia, wanne watano kwa pamoja, kila mmoja na mtaa wake, samaki akiwa katikati na macho ya wote yakiwa juu ya samaki. Ni ustaarabu mkubwa na sina ugomvi nao. Ila sinia ni chombo cha mtu mwenye watu. Kapera akijipakulia kwenye sinia peke yake anaonekana kama amefiwa. Kwa hiyo natangaza rasmi kwamba bakuli ndilo sinia la mpweke. Lina kingo, mchuzi hautoroki. Linashikika kwa mkono mmoja, wa pili unabaki na simu. Langu ni hili, jeupe, lina ua la buluu, na limepasuka kidogo ukingoni kwa sababu za kihistoria. Lioneni. Lipitisheni kwa jirani. Lirudisheni.

Lirudisheni, nimesema.

Sasa mchele. Lugha yetu imeuheshimu mmea huu kuliko tunavyoheshimiana humu uani. Ukiwa shambani ni mpunga, guniani ni mchele, sahanini ni wali. Uking'ang'ania chini ya sufuria ni ukoko, ukilala ni kiporo, na mkono wa maji ukiteleza ni mashendea. Majina sita! Na bado kuna kapera hapa, simtaji, ila amevaa fulana ya kijani, ambaye vyote hivyo anaviita msosi.

Nimeleta mchele wa Kyela, vikombe 2. Muuzaji aliniapia ni wa Kyela. Mimi namwamini, ingawa kama mchele wote unaouzwa mjini kwa jina hilo ungetoka Kyela kweli, wilaya hiyo ingelikuwa na ukubwa wa Bara Hindi. Mchele wenyewe, ule unaolimwa kule kando ya Ziwa Nyasa, unajitambulisha kwa harufu, na ukianza kuchemka hauhitaji wakili. Chambueni mawe, osheni mara 3, acheni uchuje maji. Sina la kuongeza hapo, na hilo ni tukio la nadra katika hotuba zangu.

Nazi ndipo penye elimu. Ukimsikia mtu anasema tui la pakiti ni lilelile, mwonee huruma, kisha mwombe akuazime pakiti, maana kuna siku utachoka. Leo hatujachoka. Jikoni kwangu kuna mbuzi wawili na hakuna hata kipande cha nyama. Wa kwanza ndiye huyu wa kukunia nazi, mwenye miguu ya kukunja na ulimi wa chuma. Wa pili ni hii pilipili mbuzi, ambayo itaingia kwenye mchuzi nzima, na kikonyo chake, ielee kama boya. Ikipasuka humo ndani, hotuba itaendelea bila mimi.

Nazi 2 zimekunwa. Kamua kwanza kwa kikombe 1 cha maji ya vuguvugu, chuja: hilo ni tui zito, liweke pembeni na usimwoneshe mtu. Kamua tena mara ya pili na ya tatu upate tui jepesi, vikombe 3 na ushei. Wali huanza kwa jepesi na chumvi. Zito linafuata mchele ukikaribia kukauka, nusu yake tu, na nusu inasubiri mchuzi. Makapera wengi humimina yote kwa mkupuo wakiamini tui ni tui. Nao ndio wanaokuja kulia. Tui zito likichemshwa kwa fujo bila kukorogwa hukatika: mafuta yanashika njia yake, maji yanashika njia yake, kama wanandoa waliotoka baraza la kata. Inatakiwa uchukue upawa, uchote, umimine, uchote, umimine, mpaka mkono uombe ruhusa...

Ndiyo, mama?

Mama mwenye nyumba anasema tui langu linafurika. Ahsante, mama. Nilikuwa naelekea huko huko. Kwenye daftari langu, kufurika ni hatua ya nne.

Wakati moto unapunguzwa na mama, niwaeleze nilivyohangaika kwa ajili yenu. Leo saa 12 asubuhi nilikuwa Feri, pale mdomoni mwa bandari, mnada umepamba moto. Pale dalali anaimba bei kwa kasi ya mtu anayedaiwa, na ukijikuna sikio umeshanunua fungu la vibua. Mimi sikujikuna. Nilitazama. Samaki mtazame jicho: liwe limevimba na linang'aa, lisiwe limezama kama la mpangaji mwisho wa mwezi. Mfunue mashavu, yawe mekundu. Mbonyeze, nyama irudi. Halafu mnuse, bila aibu. Samaki mbichi hanuki samaki, ananuka bahari. Akianza kunuka samaki, jua mazungumzo yamekwisha.

Shombo hiyo, waheshimiwa, ina jina, nalo ni trimethilamini. Nimelitamka jina hilo mara tatu tangu asubuhi, na mara zote watu wamenipisha njia. Samaki wa baharini akiwa hai ana kitu mwilini kinachomsaidia kuishi kwenye maji ya chumvi. Akifa, bakteria wanakigeuza kuwa shombo. Ukimkamulia ndimu, ile tindikali inaifunga shombo isiruke hewani. Bibi zetu walikamua ndimu bila kujua neno trimethilamini. Mimi nalijua neno, ila ndimu nimesahau kununua. Kijana wa bodaboda, tafadhali, dukani hapo, ndimu 4, utarudishiwa.

Nilirudi na kamba nusu kilo, nikawahesabu: 18. Na ngisi wawili. Nikawahifadhi kwenye friji ya jirani, chini ya barafu za ubuyu za wanawe. Nachukua nafasi hii kumwomba radhi mtoto wa darasa la tatu aliyelamba barafu mchana akauliza kama ubuyu unavuliwa.

Swali? Mbona sikununua pweza. Mdogo wangu, sote tunaifahamu ile meza ya jioni pale kituoni, pweza amekatwa vipande, kuna pilipili, kuna vikombe vya supu, na tunafahamu kwa nini wanaume wanainywa huku wametazama pembeni. Wewe ni kapera. Nguvu hizo utazipeleka wapi? Lakini jibu la kitaalamu ni hili. Pweza ana mioyo mitatu na damu ya buluu, kwa sababu damu yake inabeba hewa kwa shaba pale yetu inapotumia chuma. Akina mama wa Unguja na Pemba humtoa mwambani maji yakitoka, hasa siku za bamvua, na huko kuna vijiji vinavyofunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili akue. Kiumbe mwenye mioyo mitatu, anayefungiwa mwamba, kisha apigwepigwe alainike, kisha achemshwe saa nzima: huyo umpike Jumatano? Pweza ni wa Jumamosi. Jumatano hana hati ya kuingia.

Ngisi ndiye wa siku za kazi, ila ana masharti. Ana nafasi mbili tu za kuwa chakula: dakika 2 motoni, au nusu saa na zaidi. Katikati ya hapo ni mpira wa kufungia mzigo wa baiskeli. Nani alikula ngisi wa harusi ile ya mwezi uliopita? Basi hamhitaji mfano mwingine.

Tuje kwa kamba wenyewe. Wamenyeni, toeni ule utumbo mweusi mgongoni. Vichwa na maganda msitupe. Vichemsheni kwenye maji kidogo kwa dakika 15, mchuje, na hiyo ndiyo supu itakayoupa mchuzi sauti. Kaangeni kitunguu mpaka kilainike, saumu na tangawizi vilivyotwangwa, nyanya 2, bizari nusu kijiko, mimineni ile supu, ipungue. Ndipo tui zito liingie, na moto ushuke. Kamba na ngisi ni wa mwisho kabisa, wakati bakuli liko tayari na mlaji ameshanawa. Kamba ni dakika 3. Akijipinda kama mundu ameiva. Akijipinda kama pete, umemchelewa.

Tazameni anavyobadilika! Aliingia kijivu kama maji ya mtaroni, anatoka mwekundu kama bwana harusi. Rangi hiyo hakuipata motoni. Alikuwa nayo muda wote, inaitwa astazanthini, imefungwa ndani ya protini inayoificha. Moto unaifungua protini, na rangi inatoka hadharani...

Nani amesema "hizo ni kamba"? Wewe fundi simu? Naam, ni kamba. Nusu kilo. Unadhani ninawapiga kamba, na mimi nakuonesha kamba, na kati yetu wawili mwenye ushahidi sufuriani ni mimi.

Samahani, mama anasema wali umekauka. Kama nilivyokuwa karibu kusema: hapo ndipo tunapopalia. Tunafunika, tunaweka makaa juu ya kifuniko, tunaacha machache chini, na hatufunui. Kufunua wali kila dakika ni dalili ya kutojiamini. Mimi nimefunua mara nne, lakini kwa sababu za utafiti.

Swali la mwisho, mwalimu wa tuisheni. Anauliza kama kapera anaweza kupika sufuria kubwa Jumapili akala hadi Alhamisi. Mwalimu, umeuliza swali lililowalaza wengi kitandani. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus. Mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, na wali ukilala kwenye sufuria katika joto hili la kwetu zinaamka, zinazaana na kutoa sumu. Sumu hiyo hata ukikipasha moto kiporo asubuhi haiondoki. Mwenye friji aupoze wali haraka na auweke humo usiku uleule, aumalize mapema. Asiye na friji apike wa kutosha usiku huo, na usibaki.

Usibaki hata punje. Andikeni hilo.

Sasa mama anafunua. Hiyo harufu... nyamazeni kidogo. Kila punje imesimama peke yake. Nakubali kwamba mkono uliokuwa kwenye moto kwa robo saa iliyopita si wangu, lakini nadharia ni yangu. Sasa nipeni bakuli nipakue, ili mshuhudie usanifu wake: wali chini, kamba juu, ngisi pembeni, kachumbari ya embe bichi, na...

Mbona mmekuwa wengi? Nilianza na watano. Sita, saba... kumi na mmoja, ukimhesabu mtoto wa barafu, naye anadai fidia. Kamba 18 kwa watu 11. Hesabu hiyo haigawanyiki, mwalimu, usihangaike na kalamu. Wali wa vikombe 2 nao una kikomo, ingawa jirani, nakuona, umekuja na sufuria lako la wali mkavu, na Mungu akubariki. Mama, hilo unaloleta ni nini? Mama, hilo ni sinia. Tulikwisha kuzungumza habari ya sinia, ipo kwenye utangulizi...

Haya. Songeeni. Mtoto akae huku kwangu. Kila mtu ale mbele yake, na kamba ni mmoja kwanza, tuonane kwenye duru ya pili. Fulana ya kijani, nawa mikono yote miwili. Ukoko ni wa mama, na hilo halijadiliwi.

Bakuli? Bakuli hilo hapo katikati, tumewekea ndimu na pilipili. Anayelihitaji alisogeze, ila taratibu. Limepasuka ukingoni.