Jeki 48

Nilipomwambia muuzaji mmoja wa Kariakoo kwamba nataka jeki 48, alinitazama kuanzia viatu hadi kofia, kisha akauliza kwa heshima zote, "Bosi, una magari mangapi?" Nikamweleza kwamba nazungumzia jeki za muziki. Akamgeukia kijana wake wa stoo: "Mletee mzee ile ya tani mbili. Labda ana piano."

Kosa lilikuwa langu. Kwa fundi wa magari jeki ni jeki. Kwa fundi wa redio, nilichokuwa nakitafuta ni pini kubwa, ile ya gitaa, yenye unene wa milimita 6.35. Nilitoka dukani nimejifunza neno moja na kupunguza heshima kidogo. Sikujua kwamba katika safari nzima hiyo ndiyo itakuwa ada ndogo kuliko zote.

Nina studio nyumbani, Tabata. Nikisema studio nina maana ya chumba kilichokuwa stoo ya mkaa, ambacho sasa kuta zake nimezibandika trei za mayai. Trei za mayai hazizuii kelele za jirani hata chembe. Kazi yake kubwa ni kuwafanya wageni waulize kuku wako wapi. Ndani mna kompyuta, kadi ya sauti yenye njia nane za kuingia na nane za kutoka, priampu kubwa ya njia nane ya kukuza sauti za maiki, priampu ndogo ya njia mbili, kompresa ya kubana sauti, mashine ya mwangwi na kinanda kizee ambacho herufi zake zote zimefutika isipokuwa neno "hatari".

Vifaa hivyo vyote vina tabia moja: matundu yake yako mgongoni. Kila nilipotaka kompresa ihame kutoka kwenye sauti ya mtu kwenda kwenye gitaa, ilinibidi nitambae nyuma ya meza na tochi mdomoni. Siku moja nilikwama humo nusu saa, mjusi ananitazama kama mwenye nyumba anayemtazama mpangaji wa miezi mitatu bila kodi. Nikaapa: nanunua pachibei.

Kwa asiyeijua, pachibei ni bamba la chuma lenye upana wa inchi 19 na safu mbili za matundu, kwa kawaida 24 juu na 24 chini. Nyuma yake unaunganisha kila kinachotoka na kila kinachoingia katika vifaa vyako, ukimaliza hugusi tena migongo yao. Mbele unatumia waya mfupi kumkutanisha yeyote na yeyote, wewe umekaa kitini kama mheshimiwa.

Hapo ndipo tamaa ilipoanza. Studio kubwa hutumia pachibei za pini nyembamba za milimita 4.4, matundu 96 katika nafasi ileile. Nilizitamani wiki nzima. Nikajiona nimesimama mbele ya matundu 96, mteja anashika kidevu na kusema, "Hapa pana kazi." Kisha nikauliza bei ya waya mmoja wa pini hizo, na tamaa ikarudi kwao yenyewe bila kusindikizwa.

Nikachukua ya pini kubwa. Shemeji yangu, fundi redio, akanishauri ninunue ile ambayo nyaya zake za nyuma huchomewa kwa risasi, kwa kuwa hazilegei. Ushauri mzuri. Lakini mara ya mwisho mimi kushika chuma cha kuyeyushia risasi nilitoboa zulia, suruali na uhusiano wangu na mwenye zulia. Nikachagua yenye matundu mbele na nyuma: unachomeka, basi.

Kilichofuata ni hesabu ambayo hakuna muuzaji anayekufanyia kabla hujalipa. Matundu 48 nyuma yanataka nyaya 48. Pachibei yenyewe ilikuwa bei ya mbuzi. Nyaya zake zilikuwa bei ya zizi. Nikafanya walichofanya babu zetu walipoambiwa bei: nikatafuta za rahisi. Nikapata bunda zima kwa bei ya msiba.

Nilipozichomeka, chumba kizima kikaanza kuvuma. Mmmmmm. Mvumo mzito, thabiti, wa hetzi 50, umeme wa nyumbani wenyewe umeamua kujiunga na bendi. Shemeji akaja, akashika pini moja, akacheka bila kukaa. "Shem, hesabu pete nyeusi."

Pini zangu zilikuwa na pete nyeusi moja. Zilizotakiwa zina mbili, kwa sababu zina sehemu tatu: ncha, pete na shina. Ndani yake nyaya mbili hubeba sauti ileile, mmoja ukiwa umeipindua. Mwisho wa safari kifaa huchukua tofauti ya hizo mbili, na kelele iliyodandia njiani, kwa kuwa imeingia kote kwa usawa, hujifuta yenyewe. Zangu hazikuwa na mwenza wa kumkana mdandiaji. Nikanunua nyingine 48. Zile za mwanzo mke wangu anaanikia nguo, na sina ninachoweza kusema.

Jambo la pili lililonitoa jasho ni nomali. Tundu la juu na la chini yake huwa tayari yameungana kwa ndani, hivyo sauti hupita hata kama hujachomeka kitu mbele. Lakini kuna namna tofauti za kuungana. Kwenye nomali kamili, ukichomeka pini juu au chini, muungano unakatika. Kwenye nusu-nomali, tundu la juu ni jirani anayesikiliza dirishani: anapata yote, na mazungumzo ndani yanaendelea. Tundu la chini ni mgeni aliyeingia sebuleni: mazungumzo ya mwanzo hufa papo hapo, yanaanza ya kwake. Nikachagua nusu-nomali. Juu nikaweka vinavyotoa sauti, chini vinavyopokea, kama ilivyo ada. Maiki zenyewe sikuzipitisha hapo. Zikaenda moja kwa moja kwenye priampu, kwa sababu maiki nyingine hutumiwa volti 48 kwenye waya wake, na pini hizi zikiingia tunduni hugusanisha visivyotakiwa kugusana. Mpaka hapo, nasema kwa fahari, sikukosea kitu.

Nilikosea kuhesabu.

Safu ya juu niliifunga Jumamosi, nikiwa nimekaa nyuma ya pachibei kwenye ndoo. Nikaanza kushoto kwenda kulia, moja hadi 24, kama nilivyofundishwa darasa la kwanza. Safu ya chini niliifunga Jumapili, nimesimama mbele, mkono nimeupitisha kwa juu kama anayetafuta sabuni chini ya kitanda. Nayo nikaanza kushoto kwenda kulia. Sikukumbuka kwamba kushoto kwa aliye nyuma ni kulia kwa aliye mbele. Kwa hiyo cha kwanza cha safu ya juu kilikaa tundu la 24, cha pili la 23, cha tatu la 22. Jumla ni 25 daima. Ukitaka unaweza kuiimba. Je, nilijaribu kabla ya kualika wateja? Nilijaribu kwa macho. Ilipendeza sana.

Jumatatu ikaja kwaya ya usharika wa jirani. Muziki walishaurekodi, walitaka sauti ya kiongozi tu. Wakaja watatu: mwimbaji, mwalimu wa kwaya, na mweka hazina aliyeshika bahasha kwa mikono miwili. Nikamweka dada mbele ya maiki, njia ya tatu ya priampu kubwa, nikampa hedifoni pekee niliyo nayo.

Akaimba ubeti mmoja, akasimama. "Kaka, mbona sijisikii?"

"Dada," nikamjibu kwa sauti ya uzoefu, "wataalamu huimba bila kujisikia."

Taa ya njia ya tatu kwenye kompyuta ilikuwa inaruka kijani, tena kwa nguvu. Nilitaka ushahidi gani mwingine? Dada akaimba dakika tano, machozi yakamtoka, mwalimu akafumba macho. Nikabonyeza niwasikilizishe kwenye spika.

Hapa lazima niwarudishe nyuma siku tatu. Ijumaa mvua ilinyesha vizuri, nikaweka maiki koridoni kurekodi matone kwenye bati. Ilikuwa kwenye njia ya pili ya priampu ndogo, ambayo katika mpango wangu ni tundu la 22. Sikuitoa. Na 22 kwa hesabu za kukaa kwenye ndoo ni tatu.

Muziki ukaanza, kinanda kikaingia taratibu, na mahali pa sauti ya dada ikaja sauti ya mama mkwe, safi, bila mvumo hata kidogo, akizungumza na jirani yetu: "Mwanangu nilidhani kaolewa na mtu, kumbe kaolewa na nguzo ya umeme. Nyaya asubuhi, nyaya jioni! Juzi katambaa nyuma ya meza, nikasema labda anatafuta kazi."

Kiitikio kikaja pale pale. Haleluya.

Mwalimu wa kwaya akakohoa. Mweka hazina akaiingiza bahasha mfuko wa ndani, ule wenye zipu. Mlango ukafunguliwa, mama mkwe kasimama na mwiko mkononi: "Nani kanirekodi?"

Nikaanza kueleza, lakini yeye alikuwa ameshaacha kuniangalia. Alikuwa anatazama pachibei. Akaweka mwiko juu ya kinanda, akasogea. "Baba, hii swichibodi umeitoa wapi?"

Miaka yote niliyomuoa binti yake sikujua kwamba mama, kabla Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani haijavunjika mwaka 1977, alikuwa opereta wa simu mkoani. Na pini yangu kubwa, niliyodhani ni ya gitaa, ukoo wake ni huo: ilizaliwa kwenye swichibodi za simu za karne ya 19. Swichibodi ya kwanza ya biashara ilifunguliwa New Haven, Marekani, Januari 1878, ikiwa na wateja 21. Kwa maneno mengine, mama mkwe alikuwa na uzoefu wa pachibei kabla mimi sijazaliwa.

Akachomoa waya mmoja, akaurudisha, akaniuliza, "Majina yako wapi?"

"Majina gani, Mama?"

"Ya matundu! Sisi tundu bila jina lilikuwa ni dhambi. Mimi nilikosea mara moja tu, nikamuunganisha mkuu wa wilaya na muuza nyama. Waliongea dakika nne kabla hawajagundua." Akawageukia wageni. "Kaeni. Nusu saa."

Zilitosha dakika 40. Nilikaa nyuma kwenye ndoo nikichomoa na kuchomeka, yeye mbele akiita namba kwa sauti ya kazini ambayo hata mke wangu alikuja mlangoni kuisikia. Kila waya ukapata plasta nyeupe ncha zote mbili, kila tundu likaandikwa. Dada akaimba tena, safari hii akijisikia. Bahasha ikatoka kwenye zipu. Nikaifungua baadaye: nusu. Nusu nyingine, mweka hazina alisema, amempa fundi.

Ndugu yangu unayetaka kununua pachibei, hesabu nyaya kabla hujahesabu matundu, angalia pete nyeusi ziwe mbili, na kumbuka kwamba nyuma ya kifaa mkono wa kushoto hubadilisha uraia. Lakini kwanza kabisa nunua kalamu ya maka na plasta. Zote mbili hazifikii bei ya waya mmoja. Tundu langu la 22 sasa lina maandishi mekundu, kwa mwandiko wa mama: KORIDO. ZIMA KABLA SIJAONGEA.