Mwongozo wa Kulala Katika Jumba la Kale Bila Kusumbuliwa na Ukale Wake

Hoteli zimewachosha watu. Msafiri wa siku hizi anayekwenda mjini kwa siku tatu nne hataki tena chumba chenye namba mlangoni na picha ya twiga ukutani. Anataka nyumba. Anataka jiko lake mwenyewe ambalo hatalitumia, ufunguo wake mwenyewe ambao ataupoteza, na kuta zilizowahi kumwona mtu maarufu. Kwa lugha ya matangazo hiyo huitwa apatimenti ya kihistoria yenye huduma zote, na Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, umejaa hizo: jumba la ghorofa tatu limekatwa vipande sita, na kila kipande kimepewa friji, birika la umeme na jina la sultani mmojawapo.

Kasoro ni moja tu. Majumba haya ni ya kale kweli. Walioyajenga walikuwa na mawazo yao kuhusu joto, faragha, maji na ujirani, na mawazo hayo bado yamo ndani ya kuta, yanamsubiri mgeni. Mwongozo huu utakusaidia kumaliza siku zako zote humo bila kukutana nayo.

1. Chagua kwa picha, amini kila hadithi

Usiulize nyumba iko ghorofa ya ngapi, maji yanapandaje, wala jirani ni nani. Tazama mlango. Ukiwa umenakshiwa na una misumari mikubwa ya shaba, lipa. Ukifika utaelezwa kwamba misumari hiyo ni ya kuzuia tembo wasiuvunje mlango. Shangaa kwa adabu, wala usiulize tembo gani, maana kisiwa kizima hakina hata mmoja. Mtindo wa misumari ulivuka bahari kutoka Bara Hindi. Tembo walibaki kwao.

Kisha dai mtu mashuhuri. Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946, na inaelekea nyumba alizokulia huongezeka kila msimu wa watalii. Ukikosa ya Freddie, chukua ya binti mfalme. Ukikosa ya binti mfalme, chukua ya mfanyabiashara, ila usidadisi alifanya biashara gani. Pale Shangani lipo jumba la Tippu Tip, aliyefariki mwaka 1905, na mlango wake hupigwa picha mno. Pembe za ndovu na watumwa waliomtajirisha mwenye mlango hawaonekani kwenye picha. Tangazo la kistaarabu litasema "zama za dhahabu za biashara" na kuishia hapo. Vyumba vya chini, ambavyo katika majumba mengi ya aina hii vilikuwa bohari na malazi ya waliotumikishwa, siku hizi huuza kanga na sumaku za friji.

Jihadhari pia na ukale usio na nakshi. Ukivuka Darajani kwenda Ng'ambo utayaona majengo marefu ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, enzi za Mzee Karume, kwa mpango uliochorwa na wataalamu wa Ujerumani Mashariki. Yana historia ya kutosha kujaza makumbusho: mapinduzi, ndoto ya usawa, na familia zilizoonja maisha ya ghorofani kwa mara ya kwanza. Lakini hayana mlango wa kupigia picha. Historia isiyo na nakshi ni fleti tu, na fleti unayo kwenu.

2. Fika na begi kubwa

Teksi itakushusha Darajani, Malindi au Forodhani, kwa sababu vichochoro vya ndani havikukatwa kwa ajili ya gari. Wembamba wake una maana: ukuta huu huupa kivuli ukuta ule, na mpita njia hufaidi kivuli hicho. Wewe usifaidi. Toka saa saba mchana, na begi la magurudumu lenye uzito wa mtoto wa darasa la tatu, ukifuata ramani ya simu. Ramani itakuonyesha kwamba umesimama katikati ya sebule ya mtu. Iamini, endelea mbele.

Barazani atakuwepo mzee aliyeijua mitaa hii kabla simu yako haijabuniwa. Usimuulize. Ikibidi kabisa, anza na shida yako moja kwa moja: "Hurumzi wapi?" Atakujibu, "Waalaikum salaam, mwanangu. Masalkheri." Hilo ni jibu la salamu uliyotakiwa kuitoa wewe. Mwache aitoe kwa niaba yenu wote wawili, kisha uliza tena kwa sauti kubwa zaidi.

Hamali mwenye mkokoteni atakutajia bei ya kufikisha begi. Bishana naye mpaka jua lipungue. Ukishinda utakuwa umeokoa pesa ya kahawa na kashata, na begi utalibeba mwenyewe kwenye ngazi za mbao zilizosimama wima kama za kupandia mnazi. Juu kabisa, ghorofa ya tatu, ndiko kuliko na "mandhari ya bahari." Bahari ipo kweli, nyuma ya mabati na kunguru.

3. Pigana na chumba

Utakachokiona kwanza ni kwamba chumba ni kirefu na chembamba. Lalamika hapo hapo. Usikubali kuelezwa kwamba dari imebebwa na boriti za mikoko, kwamba boriti moja hutoa urefu unaofaa wa mita tatu hivi, na kwamba kwa karne nyingi mafundi wa pwani walikipa chumba upana wa boriti na kuuacha urefu uende utakako. Mti ndio uliochora ramani. Wewe ulitaka kitanda cha sita kwa sita, nacho kimewekwa, na sasa unakwenda msalani kwa kutembea kiubavu.

Baada ya kitanda, joto. Hapa ndipo waliojenga walipojisumbua zaidi, kwa hiyo ndipo unapopaswa kuwapuuza zaidi. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake nusu mita au zaidi, hivyo jua la mchana huchoka kabla ya kufika ndani. Dari iko juu ili hewa ya moto ipate pa kukaa mbali na kichwa chako. Madirisha ni marefu, na vibao vyake vya mbao huingiza upepo huku vikizuia macho ya mtaani. Ua wa katikati huvuta hewa ya moto na kuipandisha juu. Nyumba nzima inafanya kazi ya pangaboi, na haijawahi kuleta bili.

Izime. Funga madirisha yote, shusha mapazia, washa kiyoyozi kwenye nyuzi 16 kisha ujifunike blanketi. Maji ya kiyoyozi yatachuruzika polepole kwenye ukuta wa chokaa. Ukuta si wako.

Iko hatari moja. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya uliopitishwa chini ya bahari, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa takriban miezi mitatu bila huo umeme. Ukikatika ukiwemo, hata kwa saa mbili, huenda ukalazimika kufungua dirisha. Upepo utaingia. Utasinzia. Usimsimulie mtu yeyote.

4. Usielewe maji

Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliwavutia watu wa mji maji ya chemchemi kwa mabomba. Hakuahidi kwamba yatafika kwenye bafu la ghorofa ya tatu, wageni sita wakioga kwa pamoja baada ya kutoka ufukweni. Hiyo ahadi ni ya tangazo, na mwenye kuitimiza ni tangi la plastiki juu ya paa, pampu, na kijana wa nyumba.

Kijana wa nyumba ndiye huduma iliyotajwa kwenye "apatimenti yenye huduma." Mwenye nyumba yuko Muscat, Dubai au London, kijana yuko kwenye simu. Mwandikie saa nane usiku.

"Kaka, maji hakuna."

"Samahani sana kaka, pampu. Asubuhi yatatoka, inshaallah."

"Inshaallah ndiyo au inshaallah hapana?"

Atakutumia kikaragosi cha mikono miwili iliyokutanishwa. Kifasiri upendavyo.

Ukichukia, hamia Lamu, mji wa kale ulioingia katika orodha hiyo hiyo ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ambako nyumba za zamani zina birika la maji la kujengea msalani. Watu wa Lamu waliweka samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi vya mbu kabla havijaota mbawa. Ukiwaona samaki hao, piga kelele, kisha dai kurudishiwa pesa.

5. Watendee majirani kama sehemu ya mapambo

Hoteli ina faida moja: wote waliomo wamelipa kama wewe. Kwenye jumba la kale kuna watu wanaoishi. Baada ya Mapinduzi wenye majumba wengi waliondoka, na familia mbalimbali zikagawiwa vyumba humo. Nyumba nyingine ni wakfu. Bibi wa ghorofa ya chini huenda amelea watoto na wajukuu katika vyumba viwili, na huenda unacholipa kwa usiku mmoja kinazidi kodi yake ya mwezi. Usimwamkie. Mpige picha anapoanika nguo, kisha andika chini yake: "maisha halisi."

Baraza, kile kiti cha mawe kilichoungana na ukuta wa nje, ni sebule ya mwanamume asiyetaka kumwingiza kila mgeni nyumbani, ni kijiwe cha kahawa, ni bunge. Ukitaka kulisikia bunge lenyewe likijadili uchaguzi na mpira kwa pumzi moja, nenda Jaws Corner jioni. Wewe litumie baraza kwa kuvua viatu vya mchanga, ukiwa na nguo za kuogelea, nje ya mlango wa msikiti. Ikiwa ni Ramadhani, shika na embe.

Adhana ya alfajiri itakuamsha. Misikiti ilikuwepo kabla apatimenti yako haijapewa jina la sultani, lakini muulize kijana wa nyumba kama anaweza kuongea na wahusika wapunguze sauti. Atasema "sawa kaka." Hakuna jibu la adabu zaidi linalomaanisha kidogo kuliko hilo.

6. Andika maoni

Hapa ndipo nguvu yako ilipo, itumie vizuri. Toa nyota tatu. Andika: "Jengo zuri, ila la zamani." Taja ukuta uliokuchafua shati kwa unga mweupe, unyevu pembeni mwa dirisha, ngazi kali, na upana wa chumba.

Mwenye nyumba atasoma, kwa kuwa nyota ndizo zinazomlisha. Atamwita fundi, na fundi atabandua chokaa na kupiga lipu ya saruji. Msimu mmoja ukuta utang'aa. Lakini ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi kutoka ardhini na baharini, na chokaa huviacha vitoke. Saruji huvifungia ndani. Lipu itavimba na kumeguka, na ncha za boriti zilizozikwa ukutani zitaanza kuoza mahali ambapo hakuna anayeona. Bado una nyota mbili za kutoa, kwa hiyo mwenye nyumba ataendelea: madirisha ya alumini, dari ya jipsamu kuficha zile boriti, na ukuta mmoja kutobolewa ili bafu la saba lipate nafasi. Mamlaka inayosimamia uhifadhi wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na ina masharti juu ya chokaa na mbao. Mkaguzi wake, hata hivyo, hagawi nyota.

Majumba ya kale si magumu kama yanavyoonekana. Beit al-Ajaib, alilolijenga Barghash mwaka 1883, lilikuwa fahari ya mji mzima, lenye umeme na lifti kabla ya majirani. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu yake iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Kuhusu nyumba hawakusema kitu. Mwaka unaofuata atafika mgeni mwingine, ataikuta saruji, alumini na jipsamu, ataandika: "Safi na ina baridi nzuri, ila haina uasili," na atatoa nyota tatu. Mwenye nyumba atasoma hayo pia, na atanunua nakshi za plastiki za kubandika juu ya jipsamu.

Onyo la mwisho. Wapo wageni wakaidi wasiofuata mwongozo huu. Kabla ya kulipa huuliza kama kuta zimepigwa chokaa na madirisha ni ya mbao. Huja na begi dogo, humwamkia bibi wa chini na kumlipa hamali bila ugomvi. Hufungua dirisha. Kwenye maoni huandika kwamba chumba ni chembamba kwa sababu ya boriti, kwamba unga wa ukutani hufutika kwa kitambaa, kisha hutoa nyota tano, na mwenye nyumba akisoma hayo humrudisha fundi wa chokaa kazini. Usiwaige. Wakizidi kidogo tu, mafundi jipsamu wa mji mzima watalala njaa.