Pasi ya Jumapili Usiku

Tandika, wilaya ya Temeke, Jumapili saa tatu usiku. Mpangaji wa chumba cha tatu ananyata koridoni, pasi kaiviringisha kwenye khanga kama mtu aliyeiba kuku. Nyumba ina vyumba sita na mita ya LUKU moja, na mama mwenye nyumba alishapiga marufuku hita na pasi. Si roho mbaya. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima mfululizo inakula uniti moja, na uniti zikiisha katikati ya tamthilia, kikao cha wapangaji hakikwepeki.

Kwa haki, shati lake la kazini lilitakiwa kupigwa pasi jioni, lingali na unyevunyevu. Pamba ndivyo ilivyo: maji hulegeza nyuzi, joto na uzito wa pasi huzinyoosha, nazo zikikauka hubaki hivyo hivyo. Sasa limekauka kau, mikunjo imekaza kama uso wa konda aliyepewa noti ya elfu kumi asubuhi. Madobi wa zamani walikuwa na dawa yake: kujaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya nguo. Mpangaji akaiga, akasahau kwamba ametoka kunywa chai ya rangi.

(Wanaopiga pasi hadi nguo za ndani wasichekwe. Nzi wa maembe hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini. Funza wake huingia kwenye ngozi, pakaota jipu. Joto la pasi huyaua mayai hayo.)

Kola ilipoanza kunyooka, umeme ukakatika.

Jirani muuza chapati akamwonea huruma, akamwazima pasi ya mkaa, ile yenye jogoo mbele. Pasi hiyo ina adabu zake: unaitikisa nje mkaa uchangamke, unaifuta majivu chini, ndipo unaikaribia nguo. Mpangaji aliitikisa juu ya shati. Cheche moja ikachagua katikati ya mgongo, ikaacha tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi mia.

Jumatatu, mwezi wa Februari, jua la Dar likiwa halina mchezo, alipanda daladala ya Kariakoo amevaa koti zito la sufu. Hakulivua hadi saa kumi jioni. Ofisini walimuuliza mara tatu kama ameshapima malaria.