Shingo ya Jogoo kwa Dola Mia

Mjomba,

Niko Missoula, Montana. Majira ya joto yamefika, kwa hiyo nimevua makoti mawili kati ya matatu. Uliniuliza kwenye simu kama huku kuna samaki. Wapo. Mto Clark Fork unapita katikati ya mji, Bitterroot unashuka kutoka kusini, Blackfoot unatokea mashariki, na yote ina trauti. Lakini namna wanavyomvua huyu trauti, mjomba, tafuta mkeka ukae kwanza.

Huku mtu mzima mwenye wajukuu na pensheni hukesha mezani akiivalisha ndoana nguo. Jirani yangu ni mmoja wao. Ndoana anaibana kwenye jiliwa, lile lile la fundi chuma, ila hili linaenea kando ya kikombe cha chai. Anaizungushia uzi mwembamba, anaweka mkia wa nyuzi mbili tatu za unyoya, mwili wa manyoya ya sikio la sungura, na shingoni anazungusha unyoya wa jogoo mpaka unachanua pande zote na kuwa miguu. Anapiga fundo, anatia tone la gundi, anavua miwani. Kazaliwa mdudu. Wenyewe humwita nzi, hata akiwa panzi au sisimizi.

Hapo kwenye unyoya wa jogoo ndipo nilipotaka kukupigia simu usiku wa manane. Kuna watu hapa Marekani wanaofuga majogoo vizazi na vizazi wakitafuta manyoya tu. Shamba moja maarufu la kazi hiyo liko Colorado. Ngozi ya shingo moja ya daraja la juu, yenye manyoya marefu, membamba na magumu, hupita dola 100. Shingo peke yake! Supu hakuna anayeiulizia. Tena kuna manyoya laini ya bata yanayothaminiwa kwa kuwa hayalowi upesi, na hayo hutoka sehemu ya bata ambayo mbele yako, mjomba, siwezi kuitaja. Dukani wazee huishika ngozi ya jogoo, huipulizia, huinyanyua kwenye mwanga, na hakuna anayecheka.

Mwenye makosa ni trauti. Kuna mdudu mmoja wa mtoni, mabawa yake husimama mgongoni kama tanga la ngalawa. Wengi wao hukaa chini ya maji hadi karibu mwaka, wakipanda juu huota mabawa, kisha hujivua ngozi mara nyingine wakiwa na mabawa yao tayari. Akikomaa hana hata mdomo wa kulia chakula. Anaoa, anataga, anakufa, yote kwa siku moja au chache. Sasa kila hatua kati ya hizo ina nzi wake wa kufungwa: wa chini kwenye mawe, anayepanda, aliyetoka ngozini, na marehemu aliyelala juu ya maji mabawa wazi. Maana trauti akiamua jioni hii anakula marehemu, walio hai watapita mbele ya pua yake asiwatazame. Changu wa Tanga akiona kipande cha ngisi huwa haulizi kilikuwa rika gani.

Mwanzoni mwa Juni, kwenye kijito cha Rock Creek, hutoka mdudu mnene wa rangi ya chungwa, urefu karibu sentimita 5, na watu huomba ruhusa kazini kwa ajili yake. Agosti ni zamu ya panzi. Upepo unawaangusha mtoni, trauti wanangoja ukingoni. Panzi wa bandia hukatwa kwenye sponji la jamii ile ya soli za kandambili, akawekewa miguu ya mpira inayotikisika. Nilimtumia shemeji wa Bukoba picha yake. Akauliza kikaango kiko wapi.

Na hapo ndipo kisa kinapoharibika, kwa sababu kikaango hakipo. Jirani akimpata trauti huloweka mikono kwanza asije akamchubua ute, humchomoa ndoana ambayo kijino chake alishakibana kwa koleo makusudi, humwelekeza kichwa panapotoka maji, na humwachia aende zake. Shingo ya dola 100, usiku kucha wa uzi na gundi, na nyumbani tunakula kuku.

Serikali nayo iko upande wa samaki. Maji yakifika nyuzi 23 za joto siku tatu mfululizo, jimbo linaweza kupiga marufuku uvuvi kuanzia saa nane mchana hadi saa sita usiku, samaki wapumzike. Mimi kazini ghalani, joto likizidi, huambiwa ninywe maji.

Usidhani ni mchezo wa wachache. Norman Maclean, mwana wa mchungaji wa mji huu huu, alitoa kitabu mwaka 1976 juu ya baba yake, ndugu yake na uvuvi wa nzi. 1992 kikawa filamu, na tangu hapo wageni hawakomi.

Lakini nililotaka ulijue ni hili. Nzi mmoja dukani ni dola 3 hivi. Nimegeuza kisanduku nione nani mjanja huyu: Kenya! Kumbe jirani zetu wamekuwa wakifunga nzi hawa kwa miongo mingi na kuwauza Ulaya na Marekani. Waingereza waliwaletea trauti kwenye mito ya Mlima Kenya na Aberdare mwanzoni mwa karne iliyopita, wenzetu wakaujua udhaifu wa Mzungu kuliko wa samaki.

Mjomba, mafundi wa kofia za mkono wamejaa mtaani kwetu. Anayeweza kutoboa vishimo vya kofia kwa sindano hashindwi na ndoana. Mwambie mama awaulize nani yuko tayari kujaribu. Jiliwa nitalituma mimi, na yule jogoo wa kijivu wa nyumbani asichinjwe kabla sijaona picha ya shingo yake.

Mpwa wako,
Missoula