Sifa za Antena ya Juu ya Bati

Wanaosifu madishi tuwaache na madishi yao. Dishi likishakazwa ukutani halidai heshima ya mtu, linadai malipo ya mwezi tu. Anayestahili kutukuzwa ni antena ya kawaida, ile ya vyuma vyembamba iliyofungwa juu ya mti, inayochungulia juu ya mabati ya Mkuyuni, Mwanza, mpaka kule mlimani ambako nyumba zimejibana katikati ya mawe.

Ukoo wake si wa kubezwa. Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, wasomi wa Kijapani, waliandika kuhusu mpangilio huo wa vyuma mwaka 1926: kimoja kinapokea mawimbi, cha nyuma kinayarudisha, vya mbele vinayaelekeza. Sisi tunaanikia soksi, nayo haijanung'unika.

Lakini sifa yake kuu ni haki. Mawimbi ya televisheni hunyooka karibu kama mwanga, na jabali la Mwanza halipishi mtu. Basi tajiri aliyejenga ghorofa bondeni, nyuma ya jiwe, anakodolea kioo cheusi. Mpangaji wa chumba kimoja mlimani, anayepandisha maji kwa ndoo, anapata chaneli zote na bado anachagua. Nitajieni mgawo mwingine wa mjini unaoanzia kwa mpangaji.

Na nidhamu je? Baba ambaye nyumbani hapokei amri ya yeyote, mpandishe juu ya bati. Mtoto wa darasa la pili yuko dirishani: "Geuza! Taratibu! Umepitiliza, rudisha! Hapo hapo, usiguse!" Baba anatii. Akiachia tu, picha inaondoka, maana mwili wake ulikuwa umeshakuwa sehemu ya mtambo. Taarifa ya habari ataisimuliwa.

Zamani antena ilikuwa na huruma iliyopitiliza. Chenga zilikuja kidogo kidogo, na mawimbi yaliyogonga milima yakarudi yamechelewa, hivyo kila mtangazaji alikuwa na kivuli chake pembeni. Mitambo ya analojia ikazimwa Mwanza mwaka 2013, ving'amuzi vikatawala, na antena ikapata msimamo. Siku hizi picha ni safi au haipo. Katikati yake kuna vipande vya mraba tu, na waziri aliyeganda mdomo wazi kabla hajataja kodi mpya. Kwa huduma hiyo peke yake ingestahili nishani.

Tena inapenda matembezi. Upepo wa ziwa ukiinuka mchana, inageuka taratibu na kuangalia upande wa samaki. Mvua ikinyesha, inakunywa maji kupitia kiungo cha waya kilichozungushiwa solotepu, na fundi anapata mkate wake. Ujirani pia inaudumisha: kabla ya kupanda ni lazima utazame antena za wenzako zimeelekea wapi, na ukishatazama utasalimia.

Wapo wanaokimbilia dukani kununua busta. Ni kuikosea adabu. Busta hukuza kilichofika, pamoja na makelele yake. Kilichozuiwa na jiwe hakina cha kukuzwa. Antena haikuomba busta. Iliomba mti mrefu zaidi, waya mfupi usio na viraka, na kijana asiyeogopa bati la saa nane mchana.